Jamvi au Viti: Boti Mbili za Mahmud wa Mbotela

Ni Jumapili, basi la kwanza halijashusha mtu, na Mahmud Zahoro amelala kifudifudi juu ya mbao zilizolowa umande, mkono mmoja ameuchomeka chini ya boti. Ana spana. Anagonga pipa, anatega sikio. Anasogea kidogo, anagonga jingine, anatega tena.

Pipa likilia kwa sauti nyembamba, ni kavu. Likitoa mlio mzito kama wa mtungi uliojaa, limeanza kunywa maji, na boti hiyo haifai kubebeshwa watoto wa watu.

Leo yote yanalia vizuri. Mahmud anainuka, anajipangusa magoti, na kuitazama kazi ya mikono yake kama mtu anayetazama nyumba ya jirani.

“Nzima,” anasema. “Nzima kabisa. Haijawahi kuwa nzima namna hii.”

Mtu mwingine angeyasema hayo kwa kujisifu. Yeye anayasema kwa uchungu, na ukishinda naye siku moja pale bwawani utajua kwa nini.

Bwawa lenyewe si kitu cha kupigia picha. Lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya kujengea, upande wa Njiru. Mawe yakaisha, wachimbaji wakahama, mvua ikalijaza. Bi. Lenah Andati, mfanyabiashara mwenye duka Makadara, akalikodi, akaweka meza chache, akajenga choo, kisha akatafuta boti.

Mwaka huu wa 1984 mvua ya masika imetupa kisogo. Maji yameshuka, na kando yake umebaki mkanda mpana wa tope lililopasukapasuka. Mijini watu wanakula unga wa mahindi ya manjano ya kutoka ng'ambo na kunung'unika. Hata hivyo, kila Jumapili familia za Mbotela, Makadara, Bahati na hata Mathare huja hapa na vyakula vyao. Waende wapi kwingine? Mombasa wanaisikia redioni.

Boti ni mbili, na hakuna iliyo boti kama wanavyoijua watu wa pwani. Kila moja ni sakafu bapa inayoelea, imezungushiwa vyuma vya kushikilia, na juu ina paa la turubai.

Ya kwanza imekaa juu ya mapipa ya mafuta yaliyozibwa na kufungwa safu mbili. Haina kiti hata kimoja. Abiria hutandika mikeka wakakaa chini, bibi kizee amenyoosha miguu, mtoto amelala, sufuria ya pilau iko katikati. Ndiyo maana watu wakaiita Jamvi. Hubeba watu ishirini na wanne bila kulalamika.

Ya pili ilitoka Naivasha, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Inaelea juu ya mabomba mawili marefu ya alumini, nayo ina viti vinane vilivyofungwa kwa bolti, viwili viwili, vyote vikitazama mbele. Usukani uko mbele pia, na dereva husimama akiwapa abiria mgongo. Hiyo wanaiita Viti, wala hakuna aliyejisumbua kutafuta jina zaidi.

Mahmud ana miaka hamsini na minne. Alizaliwa Pumwani. Baba yake alitoka Lamu akiwa mpishi wa Mwingereza, akazikwa hapa hapa Nairobi. Mahmud mwenyewe alikuwa fundi wa bati katika kiwanda kimoja cha Industrial Area mpaka kilipopunguza watu mwaka wa 1972. Bi. Lenah ndiye aliyemwokota, na kuiunda Jamvi ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza kwa mama huyo.

“Watu wananiambia, wewe Mswahili, maji yako kwenye damu,” anasema, na hapo anacheka kidogo, kicheko kimoja tu cha asubuhi nzima. “Mimi maji ya kwanza kuyajua ni ya mfereji wa Pumwani. Kuogelea nimejifunza hapa, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, Bi. Lenah amesimama ukingoni ananicheka.”

Mshahara wake ni shilingi mia sita hamsini kwa mwezi. Haumtoshi, lakini hajawahi kukosa kazi siku moja, na mtu wa Eastlands anajua maana ya hilo.

Kazi hiyo ina desturi zake. Jamvi haiondoki mpaka jamaa watimie. Familia ikija, daima kuna mmoja aliyebaki nyuma: shangazi bado yuko kituoni, shemeji amerudi kuchukua birika, mzee anamalizia kuswali. Mahmud hungoja. Hawaharakishi, hawakunjii uso. Kwake, kuiondosha boti huku mmoja wa jamaa amesimama ukingoni akipunga mkono ni kosa kubwa kuliko kuchelewa.

“Matembezi ya familia ni familia,” anasema. “Ukimwacha mmoja, umefanya nini? Umempa kinyongo cha mwaka mzima.”

Kwa ungojaji huo alisifiwa sana. Na kwa ungojaji huo huo, mwaka huu, alimkosesha mkewe kitu alichokitaka kuliko vyote.

Mkewe aliitwa Kadija. Waliishi Mbotela, katika nyumba ya baraza la jiji yenye vyumba viwili na pazia katikati, na hapo wakalea watoto wanne, wa kwanza wao Lela. Kadija alikuwa mshonaji wa mikeka. Ukindu ulimfikia kwa basi kutoka pwani, naye akasuka, akashona kingo kwa kitambaa, akauza kwa majirani na misikitini.

Mikeka yote ya Jamvi ni kazi yake. Kila mwaka aliishona upya, kwa sababu maji na masufuria ya moto huila mikeka upesi. Mahmud aliibeba begani mpaka kituo cha basi cha Jogoo Road. Walioikalia mikeka hiyo juu ya maji hawana hesabu.

Kadija mwenyewe hakuwahi kuikalia huko.

Si kwamba alikatazwa. Jumapili ilikuwa siku ya kazi ya mumewe, na sikukuu ndizo zilizomnyima pumzi kabisa. Kila Idd pilau ilipikwa, watoto wakavishwa, na baba akatoka mapema kwenda kuwatembeza wake za watu na watoto wa watu. Siku za kawaida Kadija alikuwa na ukindu wake miguuni. Miaka ikaenda hivyo, kila mmoja akiamini kwamba siku yake itafika tu.

Mwaka jana mwishoni akaanza kuumwa tumbo. Wakadhani ni vidonda. Kufikia Februari alikuwa amekonda hata bangili zikawa zinamdondoka. Daktari mmoja, kijana mwenye upole, alimwita Mahmud kando na kumwambia uvimbe umesambaa, hakuna la kukata tena. Ampeleke nyumbani, ampe anachotaka.

Mahmud alimuuliza siku hiyo hiyo. Alitegemea atataja chakula, au kwenda kuwaona jamaa.

“Akaniambia, ‘Baba Lela, nipandishe boti yako siku moja,’” anasimulia. “Basi. Hakuna kingine alichotaka.”

Anayasema haya akiwa ameketi kwenye kreti ya soda, uso ameuelekeza kwenye maji. Kisha anajifuta macho kwa kiganja. Mwanamume akilia mbele yako hujui uangalie wapi.

Hapo ndipo lilipozuka suala la boti gani.

Ukifikiri haraka, halikuwa suala. Viti ilikuwa nzima, ikifanya kazi kila siku. Jamvi ilikuwa imevutwa nchi kavu tangu Januari kwa sababu mapipa yake yalikuwa yameliwa na kutu, mengine yakibonyea kwa kidole. Mahmud angeweza kumpakia mkewe kwenye Viti kesho yake.

Lakini mgonjwa katika jamaa kama hii si wa mumewe peke yake. Ana mama, ana dada, ana mashemeji, ana wajukuu. Mahmud alijua kwamba akimtorosha Kadija kwenda kustarehe majini bila wao, itasemwa kwamba amemtenga na watu wake katika siku zake za mwisho. Akaita kikao.

Walikaa sebuleni Mbotela, Ijumaa moja baada ya swala. Alikuwepo Bi. Jawahir, mama yake Kadija, ajuza wa Majengo mwenye macho yaliyofifia na ulimi ambao haujafifia. Alikuwepo Shamso, mdogo wake Kadija, na mumewe. Alikuwepo Abdurahim, kaka yake Mahmud, ambaye hakuna kikao anachokikosa.

Wakahesabiana. Jamaa wa karibu, pamoja na watoto, walikuwa kumi na tisa. Viti hubeba wanane.

“Abdurahim akasema twende safari tatu,” anakumbuka Shamso. “Haya, safari ya kwanza nani akae na Kadija? Mama. Na nani? Wajukuu. Wajukuu wapi? Wa Lela au wa nani? Ikawa kelele. Kila mtu anataka safari ya kwanza, kwa sababu kila mtu anajua kwamba Kadija hatahimili tatu.”

Bi. Jawahir ndiye aliyemaliza maneno. Akasema mwanawe hatagawanywa mafungu kama nyama ya Idd. Atakwenda na watu wake wote pamoja, au asiende.

“Basi nikasema nitaitengeneza Jamvi,” anasema Mahmud. “Na Idd ya kufungua sitafanya kazi. Nitamwambia Bi. Lenah, siku hiyo Jamvi ni yangu. Wote wakafurahi. Wakasoma dua.”

Kadija alikuwa amelala chumba cha pili, upande wa pili wa pazia. Alisikia kila neno. Hakuna aliyelifungua pazia lile.

Kazi ikaanza Machi. Aliyekuwa akimsaidia ni Shitanda, mchomeleaji wa vyuma kutoka Kakamega mwenye kibanda chake karibu na Makadara. Shitanda ni mtu wa maneno machache na yasiyo na sukari.

“Mimi nilimwambia wazi,” anasema Shitanda, miwani yake myeusi ameipandisha kwenye paji la uso. “Mzee, hii mapipa imeisha. Zote. Hii ni kazi ya miezi. Wewe chukua hii ndogo, leta mama Jumatatu wakati hakuna watu, zungusha yeye, rudisha yeye nyumbani. Akaniambia, ‘Shitanda, wewe hujui watu wetu.’ Ni ukweli, sijui. Nikawasha moto.”

Tatizo likawa mapipa. Miaka mingine ungetembea Industrial Area na kurudi na pipa kuukuu kwa bei ya kutupa. Mwaka huu mifereji inakauka, maji yanakuja kwa zamu, na kila nyumba ya Eastlands inatafuta pipa la kuhifadhia maji. Bei ikapanda mara tatu, na hata pesa ukiwa nazo, unafika unakuta la mwisho linabingirishwa na mama mmoja kuelekea Mathare. Ungemnyang'anya? Mahmud alirudi mikono mitupu siku nyingi.

Likipatikana, lazima lijaribiwe. Huzibwa asubuhi na mapema kungali baridi, likapakwa povu la sabuni kila pembe, likaachwa juani. Hewa ya ndani ikipata moto hutafuta pa kutokea, na penye tundu povu hufura. Halafu Shitanda huchomelea, halafu hujaribiwa tena, halafu hupakwa lami. Pipa moja lingeweza kula juma zima.

Mahmud hakutaka hata moja la kubahatisha. Alikuwa akibeba mzigo wake mwenyewe safari hii. Aliyokuwa akiyapitisha kwa wateja, kwa Kadija aliyakataa.

Bi. Lenah aliona na kuingiwa na huruma, pamoja na hasira kidogo. “Nilimwambia, Mahmud, pipa hili limetosha. Ananiangalia kama nimetukana. Analing'oa, anaanza upya. Nami nikimtazama najua anakimbizana na nini, lakini utamwambiaje mtu kitu kama hicho?”

Jioni alirudi Mbotela akinuka lami, akakaa kitandani kwa mkewe na kumweleza maendeleo. Leo limeingia moja. Leo hakuna. Wiki hii mbili.

Kuna jioni moja ya Mei ambayo haimtoki kichwani.

“Aliniuliza, ‘Ile ndogo inafanya kazi?’ Nikamwambia inafanya. Akasema, ‘Kila siku?’ Nikamwambia kila siku, jana imebeba Wahindi wawili na kamera yao. Mimi nikadhani ana wasiwasi kwamba tutambana kwenye ile ndogo. Nikamwambia, ‘Mama Lela, ile ni ya wapita njia. Wewe nitakupakia kwenye kubwa na watu wako wote.’ Akasema, ‘Haya.’ Akaomba chai.”

Mahmud aliikoroga chai ile mwenyewe, akampa kwa kijiko. Alikuwa na furaha usiku ule. Aliamini amemtoa wasiwasi.

Ramadhani ikaingia Juni. Kadija hakuweza kufunga, na hilo lilimuumiza kuliko ugonjwa. Mahmud alifunga, akachomelea mchana kutwa kwenye jua bila tone la maji kinywani, midomo imempasuka. Shitanda, Mkristo, akaacha kula mbele yake kwa aibu.

Jamvi iliteremshwa majini Jumanne ya kumi la mwisho la Ramadhani. Iliketi sawasawa, haikuinama hata upande mmoja. Mahmud aliruka huku na huku juu yake kama mtoto. Kisha akakimbilia basi kwenda kumwambia mkewe.

“Nilimwambia, iko majini. Bado siku chache tu. Akanishika mkono, huu hapa, una lami. Akasema, ‘Hongera, Baba Lela.’ Sauti ilikuwa ndogo sana.”

Kadija alifariki kesho yake, kabla ya futari. Wakamzika makaburi ya Kariokor.

Idd ilipofika, Jamvi ilikuwa tayari kwa ajili ya watu kumi na tisa, na watu hao walikuwa matangani. Bi. Lenah alimwambia Mahmud abaki nyumbani, atatafuta mtu. Mahmud akaenda. Hakuweza kukaa kwenye nyumba ile na lile pazia.

Siku nzima aliwabeba watu. Jamaa moja ya Majengo walitandika mikeka ya Kadija, wakakaa, wakafunua masufuria, wakamwita aje aonje. Walimsifu kwa boti nzuri. Bibi mmoja alipapasa ukingo wa mkeka akauliza nani anashona vizuri namna hii, anataka kuagiza.

“Nilimwambia ameacha kazi,” anasema Mahmud.

Msiba wa kwanza ukapita. Wa pili ukamngoja kwenye arobaini.

Baada ya hitma, wanawake wakiosha vyombo uani, Shamso alimkuta shemeji yake amekaa peke yake kwenye ngazi. Alikuwa akijilaumu kwa sauti, kwamba angepata mapipa mapema, wiki moja tu, Kadija angekwenda na watu wake. Shamso anasema alivumilia, akashindwa.

“Nilimwambia ukweli. Afadhali nisingemwambia, sijui. Nilimwambia, shemeji, dada hakutaka watu wote. Aliniambia mwenyewe, Mei ile, nikimsuka nywele zile zilizobaki. Alisema, ‘Shamso, sitaki kuangaliwa. Nimekuwa mifupa. Watanizunguka na sufuria waanze kunililia. Mimi nilitaka nikae na Baba Lela tu, kwenye vile viti viwili viwili. Nilimwomba kitu kidogo, wamekifanya harusi.’”

Kwa nini hakumwambia mumewe? Shamso anainua mabega. Kikao kilikuwa kimekwisha kukata shauri, mama yao alikuwa amekwisha kusema, dua imekwisha kusomwa. Kadija alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Mtu aliyelelewa vizuri hapangui dua ya wakubwa kwa sababu anataka kukaa na mumewe.

“Na shemeji alikuwa na furaha sana na yale mapipa,” anaongeza. “Dada alisema hana moyo wa kumnyang'anya.”

Mahmud alimuuliza kila mtu. Alimuuliza mama mkwe, alimuuliza kaka yake, alimuuliza Shitanda kuhusu vyuma na Bi. Lenah kuhusu siku. Alikuwa na boti mbili mbele yake, moja nzima na moja mbovu, na mgonjwa mwenye akili timamu nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka alipoketi. Hakumuuliza yeye boti gani.

Inauma kuyaandika haya, kwa sababu hakuna mbaya wa kunyooshewa kidole. Kila mtu alikuwa na mapenzi. Mapenzi yale yalijaa sebule nzima mpaka mwenyewe akakosa pa kuketi.

Wiki kadhaa baada ya arobaini Mahmud hakuweza kwenda Majengo. Bi. Jawahir naye alikuwa amesikia kwa Shamso. Ajuza yule, aliyesema mwanawe hatagawanywa mafungu, alijifungia ndani. Akiletewa chakula anakula kidogo, akisalimiwa anaitikia, lakini hazungumzi. Majirani wanasema hata kugombana ameacha, na kwa kumjua yeye, hilo liliwatisha kuliko yote.

Maji ya bwawa nayo yanaendelea kushuka. Bi. Lenah amekata shauri kwamba boti moja inatosha mpaka mvua irudi. Jamvi ndiyo inayoingiza pesa, hasa sasa ilivyo mpya. Kuna mtu wa Kisumu ameitaka Viti, na ataichukua kwa lori baada ya Idd ya kuchinja.

Mahmud alipoambiwa hivyo, hakusubiri kesho. Alimwomba mwajiri wake ampe Viti mpaka Jumapili ya baada ya Idd. Bi. Lenah hakumuuliza ni ya nini. Akampa.

Jioni ile ile akapanda kwenda Majengo. Alimkuta mama mkwe wake amekaa barazani kwake, tasbihi mkononi, ameishika tu bila kuihesabu.

Akavua viatu, akamwamkia. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Watu wakapita. Mwishowe Mahmud akapiga moyo konde.

“Mama, nimekuja kukuuliza. Nataka kukutembeza kwenye maji, Jumapili ya baada ya Idd. Hujafika hata siku moja. Ziko mbili, kubwa na ndogo. Ile kubwa tunaenea wote. Ile ndogo ni watu wachache. Sijamuuliza mtu mwingine yeyote. Sema wewe.”

Bi. Jawahir akaiweka tasbihi kando. Mahmud anasema alidhani atafukuzwa, naye alikuwa tayari kufukuzwa.

“Ile yenye viti,” akasema ajuza. “Ile aliyoitaka.”

“Nani aje nasi, mama?”

“Hapana mtu. Mimi nawe.” Kisha ikarudi sauti yake ile ya zamani, ile ya kuamrisha nyumba nzima. “Na dereva awe mwingine. Nasikia anayeendesha anasimama mbele. Mimi sitakwenda kuzungumza na mgongo wako. Utakaa kiti cha pili, kando yangu.”

Mahmud akasema haya. Akainama kumbusu mkono, na hapo, anasema, wote wawili wakalia barazani mbele ya wapita njia, ajuza akimshika kichwa kama mtoto wake wa kumzaa.

Shitanda amekubali kushika usukani. Tayari amefanya mazoezi mara mbili, huku Mahmud akipiga kelele kutoka ukingoni. Bi. Lenah amesema siku hiyo watu wa Jamvi wataangaliwa na yeye mwenyewe, na kwamba boti zikizama, zimezama.

Watu wa kwanza wa Jumapili hii wameanza kushuka kwenye basi. Familia kubwa, masufuria kichwani, na kama kawaida kuna mmoja bado yuko nyuma. Mahmud anatandika mikeka. Anakunjua mmoja mmoja, analainisha kingo kwa kiganja, anaondoa nyuzi zilizochomoza. Yupo jamaa anayemwomba angoje, shangazi anakuja.

“Nitangoja,” anamwambia. Halafu anamgeukia mwanamke mjamzito aliyekwisha kupanda na kuketi peke yake kwenye kona, amechoka. “Nawe, mama? Wataka tungoje, au nikuzungushe kidogo kwanza kwa ile ndogo?”

Mwanamke anashangaa. Inaonekana hajaulizwa kitu siku nyingi. Anasema angependa kuzungushwa.

Akirudi kumteremsha, Mahmud anafunga kamba ya Viti na kusimama akiviangalia vile viti viwili vya mbele. Bado wiki mbili. Anakiri kwamba anaogopa, na si maji anayoyaogopa.

“Miaka kumi na miwili nimebeba watu,” anasema. “Mikono yangu siku zote iko kwenye usukani au kwenye kamba. Siku hiyo nitakaa tu, na mama yake kando yangu. Sijui hata abiria huweka mikono wapi.”